Dozi ya kitabu au dozi ya mgonjwa? Antibiotiki kwa wagonjwa mahututi Unguja na Pemba

Mfamasia wa Chake
Assalaam aleikum wana jamvi. Hoja yangu itawaudhi madaktari wengine, lakini naitoa. Mgonjwa mahututi aliyeingiwa na maambukizi kwenye damu hastahili dozi ile ile anayopewa mtu aliyekuja hospitali kwa miguu yake. Mazoea niliyoyaona mimi ni antibiotiki ya seftriaksoni gramu moja, awe mtu wa kilo 45 au wa kilo 95, awe amevimba mwili mzima au la.

Tizameni kinachotokea. Mishipa inavuja, na tunamjaza maji lita baada ya lita ili presha ipande. Dawa kama meropenemu na jentamisini hukaa kwenye maji ya mwili. Kijiko kimoja cha sukari kwenye kikombe utakisikia. Kitie kwenye birika, hukisikii. Halafu njoo kwenye figo. Kijana wa ajali ya bodaboda figo zake huweza kukimbia kuliko za mtu mzima wa afya, akaikojoa dawa yote kabla ya dozi ya pili. Mzee wa kitanda cha pili zake zimelala, dawa inajaa mpaka anapata degedege. Wote wawili karatasi zao zinasomeka sawa!

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, dozi ya mwanzo iwe kamili hata kama figo zimechoka, kwa sababu dozi hiyo inajaza birika. Figo zinahusika na zile zinazofuata. Pili, Serikali inunue mashine ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu.

Daktari wa Ng'ambo
Waaleikum salaam. Ndugu mfamasia, la kwanza nakubali. La pili umeruka mtaro ukatua baharini.

Mashine itakwambia kwenye damu kuna miligramu kadhaa kwa lita. Kadhaa hizo zinatosha? Jawabu linategemea mdudu gani, na dawa kiasi gani inamzuia asizaane. Kama damu haikuoteshwa maabara kabla ya sindano ya kwanza, namba yako haina wa kulinganishwa naye. Mimi ningeweka pesa kwenye chupa za kuotesha damu na mtu wa maabara wa zamu ya usiku.

Na hizi mbinu mpya za kuingiza dawa polepole tusizishangilie kama mpira wa Mapinduzi. Utafiti wa BLING III wa mwaka 2024 ulichukua wagonjwa zaidi ya 7,000 wa ICU, yaani wodi za mahututi, katika nchi 7. Walioingiziwa meropenemu au piperasilini-tazobaktamu mfululizo kutwa nzima walifariki asilimia 24.9 ndani ya siku 90. Waliopewa kwa vipindi, asilimia 26.8. Kitakwimu, tofauti hiyo haikufika kiwango cha kusema si bahati tu.

Kinachonitia khofu zaidi ni kwamba daktari mchanga akisikia "dozi kubwa" atampa kila mtu. Meropenemu Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la tahadhari. Tukiichezea, kesho hatuna pa kukimbilia.

Mfamasia wa Chake
Dokta, umeishia nusu ya hadithi. Mwaka huo huo, utafiti huo ulikusanywa pamoja na nyengine zikafika tafiti 18, na hapo vifo vilionekana kupungua kwa wanaopewa mfululizo. Wala sisemi "kubwa" kwa wote. Nasema inayomfaa, na mzee wa degedege hapo juu inayomfaa ni ndogo. Tena dozi pungufu nayo inafundisha wadudu usugu.

Muuguzi wa usiku
Samahanini wakubwa, mimi ndiye ninayeifungua hiyo dripu.

Mkisema meropenemu iende polepole kwa saa 3, bila pampu mimi nahesabu matone. Mililita 100, mpira wa matone 20 kwa mililita: ni matone 11 kwa dakika. Nasimama na saa yangu, naweka 11. Mgonjwa akikunja mkono yanakuwa 4. Akinyoosha, 20. Nina wagonjwa wengine.

Jambo jengine ambalo sijasikia mtu akilisema. Dripu ikiisha, kwenye mpira kunabaki maji kama mililita 20. Ni moja ya tano ya dozi. Ukiuchomoa mpira ukautupa, umetupa dawa kwenye ndoo, na daktari asubuhi anaandika "imetolewa gramu 1". Kuisukuma dawa hiyo kwa maji ya chumvi nyuma yake ni dakika chache tu, lakini nimeona ukitupwa hivyo hivyo mara nyingi, na mimi mwenyewe nimeshautupa kabla sijajua.

Na hiyo ya kutwa nzima msinitajie wakati wa kaskazi. Meropenemu ikishachanganywa haipendi joto.

Mtoto wa Wete
Nawasoma tu. Baba yangu alilazwa hospitali moja, sitaitaja. Hakupimwa uzito hata siku moja. Mtu alimtizama kitandani akasema "kilo 70 huyu". Baba alikuwa 52, tulimpima wenyewe mwezi uliopita kwenye mizani ya karafuu!

Dawa iliandikwa saa 2 usiku, haipo, nikapewa karatasi nikatafute. Niliipata famasi ya tatu. Sindano ya kwanza alichomwa saa 7. Nyinyi mnabishana saa 3 za dripu, mimi nataka kujua zile saa 5 nani anazihesabu.

Daktari wa Ng'ambo
Mwanangu, pole sana. Huko nyuma ya mashine zote ndiko tunakopoteza watu, sina la kukujibu.

Mfamasia wa Chake
Pole ndugu yangu. Basi mashine naiondoa kwenye orodha, kwa sasa. Naweka mizani ya kitanda, dozi ya kwanza ikae wodini isingoje risiti, na mkojo. Mkojo ni bure. Mgonjwa akikojoa lita 4 kwa siku bila ya dawa ya kukojoza, angalau tujiulize kama dozi inamkaa. Akikojoa kikombe kimoja, tuongeze masaa kati ya dozi zinazofuata. Dokta, hilo nalo unalikataa?

Daktari wa Ng'ambo
Silikatai. Ila lita 4 pengine ni yale maji uliyomjaza wewe, yanatoka. Pima na kreatinini, ile taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na siyo mara moja ukaiacha. Figo zilizolala siku ya kwanza mara nyingi zinaamka siku ya pili au ya tatu, na dozi iliyopunguzwa inabaki imepunguzwa kwa sababu hakuna aliyerudi kuitizama.

Muuguzi wa usiku
Mkojo naupima na kuumwaga saa 12 asubuhi, naandika. Raundi ni saa 3. Karatasi ya mkojo imetundikwa miguuni, ya dawa iko mezani kwa sista. Miaka yangu yote ya zamu sijaona mtu akizishika zote mbili kwa pamoja.

Daktari wa Ng'ambo
Ya mkojo ibane nyuma ya ile ya dawa. Kesho naanza na yangu.