Kitenzi "get" cha Kiingereza: ni "kupata" tu?

Swali
Ndugu zangu, salamu. Ninajisomea Kiingereza jioni baada ya kazi, na tangu mwanzo nilifundishwa kwamba "get" ni kupata. Maana hiyo inanitosha ninapokutana na "get a letter" au "get a job". Juzi, hata hivyo, nilisoma kwamba mtu mmoja "got old", mwingine "got off the bus", na wa tatu akamwambia mwenzake "I don't get it", nikabaki nimeduwaa. Je, kuna kanuni yoyote, au nizikariri moja moja?

Jibu la mwalimu mstaafu
Ndugu muulizaji, kabla ya kufungua kamusi, kitazame kwanza Kiswahili chako. Tunapotaka kusema kwamba hali ya mtu imebadilika, mara nyingi tuna kitenzi kimoja kinachobeba jambo lote: kuzeeka, kulowa, kuchoka, kukasirika, kutajirika. Mwingereza huchukua kivumishi, kisha hukitanguliza "get" ili kuonyesha kwamba mtu ameingia katika hali hiyo, naye husema "get old", "get wet", "get tired", "get angry", "get rich". Vivyo hivyo, pale tunaposema "nimewavisha watoto", yeye anaweza kusema "I got the children dressed". Na pale tunaposema "nimenyolewa", yeye husema "I got my hair cut", na wote tunaelewa kwamba mkasi ulishikwa na kinyozi. Sehemu kubwa ya kazi ya "get", basi, kwetu hufanywa na mnyambuliko wa kitenzi, ndiyo maana neno moja la kuitafsiri halipatikani. Zile zinazofuatana na vijineno, kama "get up" ya kuamka na "get off" ya kushuka, huna budi kuzikariri.

Jibu la pili
Naomba kuongeza onyo. Kwa kuwa tunasema kupata ajali na kupata mtoto, wengi wetu huandika "I got an accident" na "she got a baby", ilhali Mwingereza kwa kawaida hutumia "had" katika sentensi zote mbili. Kwenye mimba tumekubaliana naye: "get pregnant".

Jibu la tatu
"I don't get it", yaani "sielewi", mbona si ngeni? Simu inapokwaruza, sisi wenyewe huuliza, "Umenipata?" Isitoshe, neno hili liliingia Kiingereza kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambako "geta" ilimaanisha kupata, kwa hiyo aliyekufundisha maana ile ya kwanza hakukosea.

Muulizaji
Nawashukuru. Mwalimu, nisahihishe: "I got my shoes mended" ni "nimeshonewa viatu"?

Mwalimu mstaafu
Barabara. Na tazama kwamba fundi hakutajwa katika lugha yoyote kati ya hizo mbili.