Kwa nini intaneti ya kasi huchelewa kufika vijijini?

Muulizaji: Wakuu, naomba ufafanuzi. Mara nyingi teknolojia mpya ya intaneti huanzia mijini, huku vijiji vikibaki na laini za shaba au mnara mmoja wa zamani kwa miaka mingi. Tatizo ni ufundi au ni hesabu za biashara?

Mchangiaji wa kwanza: Kwa kiasi kikubwa ni hesabu. Gharama kubwa ya mkongo, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazobeba intaneti, haimo kwenye nyuzi zenyewe bali katika vibali, vibarua na uchimbaji wa mitaro. Kilomita moja ya mtaro mjini huweza kugawanywa kwa mamia ya wateja, ilhali kijijini huenda ikaishia kwenye nyumba tatu.

Mchangiaji wa pili: Ufundi nao umo, ndugu. Kasi ya laini ya shaba hushuka kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu, na zaidi ya kilomita 5 hivi hubaki kidogo mno. Kwa upande wa minara, mawimbi ya redio ya megahezi 700 hufika mbali, lakini kwa kawaida hubeba data chache kuliko yale ya 3500.

Mchangiaji wa tatu: Tena kiungo kinachounganisha mnara na mtandao mkuu kikiwa na uwezo mdogo, kubadilisha antena pekee ni kazi bure, jambo ambalo matangazo ya kampuni mara nyingi hayalitaji.