Kamera ya waifai getini: bando na faragha

Mwanga_Kgm: Wakuu, nataka kufunga kamera ya waifai getini, hapa Mwanga, Kigoma. Bando litahimili? Na watu baki hawatachungulia?

FundiWaya: Mkuu, rekodi kwenye memori kadi. Kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula kama GB 21 kwa siku, hivyo kadi ya GB 64 ni siku tatu, kisha inafuta za zamani. Bando linaliwa hasa ukitazama ukiwa mbali. Kamera nyingi zinashika waifai ya GHz 2.4 tu, ruta ikirusha 5 pekee hazitaunganika.

Kitongoni: Wachunguliaji huingilia nywila ya kiwandani. Ibadilishe, sasisha programu ya kamera, washa uthibitisho wa hatua mbili, zima UPnP kwenye ruta (inaruhusu vifaa kujifungulia njia ya kufikiwa kutoka nje). Akaunti ifunguliwe kwa namba yako, siyo ya fundi! Wengi wanaachia hapo, fundi anabaki anaona geti lako.

Mwanga_Kgm: Na umeme ukikatika?

FundiWaya: Ruta ikizima, huoni kitu kwenye simu. Tafuta yupiesi (betri ya akiba) ndogo ya ruta; soma volti nyuma ya adapta, ruta nyingi ni 12, kamera huwa 5 au 12.

Kitongoni: Pia usiielekeze uani kwa jirani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.