Nampeleka mama Mji Mkongwe Zanzibar kwa siku moja, sanaa na chakula. Naomba ushauri wa ratiba

Binti_Kilosa:
Habari za wakati huu wakuu.

Mama yangu anakuja Dar mwisho wa mwezi huu kutoka Kilosa, nami nimemwahidi kumvusha Zanzibar. Hajawahi kupanda boti. Ni mshonaji, tangu nina akili anadarizi vitambaa vya meza, na chochote chenye nakshi hukikodolea macho mpaka akielewe kilivyotengenezwa. Taarab ya zamani ndiyo usiseme. Fukwe hazimvutii, anautaka mji wenyewe: milango, wachoraji, wapishi.

Nimepanga Jumamosi moja tu, kwenda na boti ya asubuhi na kurudi jioni ileile, maana Jumapili nina zamu kazini. Orodha yangu: Ngome Kongwe, jumba la Beit al-Ajaib, Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, soko la Darajani, maduka ya picha pale Gizenga, kisha tumalizie kwa kula bustani ya Forodhani ndipo turudi. Magoti yake yanamsumbua, ngazi nyingi haziwezi. Je, ratiba hii inatekelezeka? Nipunguze nini? Na mchana tule wapi chakula wanachokula Wazanzibari wenyewe?

Natanguliza shukrani.

Mkaazi_Malindi:
Karibuni sana dada. Nianze na Forodhani maana ndiyo itakayokuvurugia siku. Wale wapishi hawapangi meza mpaka jua linaelekea kuzama, na pahala panachangamka baada ya Magharibi. Boti ya mwisho ya mwendo kasi kurudi Dar inang'oa nanga alasiri, jua bado liko juu. Mambo mawili hayo hayakutani. Ama mlale, ama Forodhani mpite mchana kama bustani ya kupumzikia tu, bila chakula.

Beit al-Ajaib nayo mtaitazama kwa nje. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na jengo la mwaka 1883 halitengenezwi kwa haraka. Lakini mama yako hatakosa kitu. Mkitoka bandarini tu, barabara ya Mizingani, kuna jumba la Dispensari ya zamani, lile tajiri Tharia Topan alianza kulijenga 1887. Msimamishe mbele yake aangalie roshani: mbao zimetobolewatobolewa kama lesi. Mdarizi ataelewa kazi ile kuliko mimi niliyekulia karibu yake.

Kutoka hapo mpaka Ngome Kongwe ni tambarare, njia ya ufukweni. Ndani ya ngome kuna uwanja na maduka ya wasanii, na pa kukaa pia pako.

Seremala_wa_Tanga:
Kwa habari ya milango, msiende mkipiga picha mkipita. Chagueni michache muikae. Angalieni kwanza kichwa cha mlango: ulionyooka juu, wenye ubao mzito wa nakshi, ndio mtindo wa Kiarabu, na mara nyingine utaona maandishi ya Kurani yamechongwa pale. Ule wa nusu duara juu ni mtindo uliokuja na Wahindi. Kisha teremsha macho kwenye miimo, zile nguzo za pembeni: utakuta mnyororo umechongwa kuzunguka, mawimbi, maua ya yungiyungi, na chini kabisa mara nyingi samaki. Wenyeji watawaeleza maana zake, mnyororo ni ulinzi wa nyumba, samaki ni uzazi.

Mwambie mama aangalie na mfaa, ule ubao wa katikati unaoziba mahali mbao mbili zinapokutana. Fundi akitaka kuonyesha mkono wake, huonyesha hapo. Mimi ni fundi na bado mifaa ya Mji Mkongwe inaninyima usingizi.

Msafiri_Kinondoni:
Dada, badilishana zamu. Nasema kwa dhati kabisa. Kama mama anapenda taarab, kumrudisha saa kumi alasiri ni kumwondoa mjini kabla mji haujaanza kuimba. Hapo ndipo nyumbani kwa Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu 1905, na Culture Musical Club cha 1958. Hapo ndipo alipotoka Siti binti Saad, mwimbaji aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Muziki huo huchezwa zaidi usiku. Ulizeni mapema mahali mtakapolala, wanajua wapi kunapigwa nini Jumamosi hiyo.

Mkaazi_Malindi:
Namuunga mkono mkuu hapo juu. Ila kama zamu haibadiliki, siku moja bado ina thamani, mradi usibebe vitu sita. Chukua vitatu.

Bi_Mkubwa_Vikokotoni:
Mwanangu, hongera kwa kumkumbuka mama. Mimi nisemee chakula.

Mchana nendeni mkahawa wa Lukmaan, Mkunazini. Pale unaviona vyakula vimepangwa, unaonyesha kwa kidole: pilau, biriani, samaki wa nazi, pweza wa nazi. Wahini kabla ya saa saba, baadaye foleni inakuwa ndefu na mama atasimama.

Kisha urojo, na msiunywe juu ya shibe ya biriani, mtakuwa hamjaupa haki yake. Acheni zipite saa mbili. Urojo mzuri mchuzi wake ni mwepesi, rangi ya manjano, uchachu wake umetoka kwenye embe bichi. Humo mnatiwa viazi, bajia, kachori, mishikaki, yai, chatne ya nazi, na juu kabisa chipsi za muhogo zimwagwe mwisho, zikifika kwako ziwe bado zinalia. Ukiona muuzaji amezitia mapema zimelowa, nenda kwa mwengine. Pilipili mwambie akuwekee pembeni, mama wa bara huenda hajazoea.

Mkilala, usiku Forodhani ulizeni bei ya kila mshikaki kabla haujaguswa moto, na chagueni meza ambayo wenyeji wamejaa. Juisi ya miwa wanaikamua na ndimu na tangawizi, hiyo msiikose.

Mwalimu_wa_Sanaa:
Mkunazini usiiondoe kwenye orodha. Nje ya kanisa la Anglikana, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, kuna kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs: watu wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Wanafunzi wangu niliowapeleka walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Mwandae mama kwanza, na mwende asubuhi, msiende mkitoka kula.

Gizenga mtaona picha nyingi za mtindo wa tingatinga zinazofanana. Mtafute mchoraji anayechora palepale, mama amwone akichanganya rangi, ndipo mnunue kama kuna cha kununua.

Binti_Kilosa:
Jamani asanteni sana, nimesoma kila neno, na mengine nimemsomea mama kwenye simu. Ameanza kuuliza mfaa ni nini hasa! Mwenzangu kazini amekubali tubadilishane zamu, kwa hiyo tutalala Jumamosi. Nimepanga hivi: asubuhi Dispensari, Ngome Kongwe, halafu Mkunazini, chakula cha mchana hapohapo jirani. Apumzike. Jioni urojo kidogo, usiku Forodhani na taarab. Darajani na Gizenga Jumapili asubuhi. Swali la mwisho: bahari, na mahali pa kulala kwa mtu wa magoti?

Mkaazi_Malindi:
Mpango umekaa vizuri. Vitambulisho msivisahau, tiketi hukati bila hicho. Baharini mketi chini na nyuma, kunatikisika kidogo kuliko juu, na mama ale kitu chepesi kabla. Miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, ndiyo bahari huchafuka zaidi.

Bi_Mkubwa_Vikokotoni:
La kulala sikiliza mwanangu. Nyumba za Mji Mkongwe ngazi zake ni za wima, vipandio virefu, na nyumba nyingi za wageni vyumba viko juu. Piga simu uulize chumba cha chini kabisa, na wakuambie ngazi ngapi kutoka mlangoni hadi kitandani, usikubali jibu la "chache tu". Uliza pia gari inafika wapi, maana vichochoro vingi haviingii gari. Ukipata karibu na Forodhani au Darajani, teksi itawashusha jirani, mama hatembei sana. Na mwambie achukue khanga mbili, ya kujistiri mjini na ya kujifunika upepo kwenye boti.