Tupeane uzoefu: kuchagua kipimo cha DNA cha nyumbani kwa ajili ya kutafuta asili ya ukoo

Mjukuu wa Kibokoni (mwanzisha mada)

Assalam alaikum, na salamu kwa wote. Ninawaomba wale waliowahi kununua kipimo cha DNA cha kujipimia nyumbani kwa nia ya kujua asili ya ukoo watueleze walichagua kipi, kwa sababu gani, na kama walikipata walichokuwa wakikitafuta. Nitaanza mwenyewe, na naanza kwa kukiri kwamba nilichagua vibaya.

Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale kuna sanduku la babu, na ndani yake karatasi ya nasaba iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, fulani bin fulani, kuanzia kwa baba yake babu hadi kwa mtu anayetajwa kuwa ni Mshirazi, yaani mwenye asili ya Uajemi. Pembe moja imeliwa na mchwa, na jina la sita limebaki na herufi mbili tu, mimu na hee, kwa hiyo kila mzee hulijaza kwa namna apendayo. Tangu utotoni nimewasikia wakibishana juu ya karatasi hiyo. Wapo wanaoapa kwayo, na wapo wanaonong'ona kwamba iliandikwa zama za ukoloni, wakati watu wa Mombasa walipokuwa na sababu nzito ya kutotaka kuandikwa kuwa wenyeji, kwa kuwa serikali iliwatoza na kuwahukumu watu kwa kufuata asili zao.

Nilinunua kipimo kilichokuwa kimepunguzwa bei, nikamwomba binamu yangu aje nacho kutoka Uingereza alipokuja likizo, nikajaza mate kwenye kichupa, akarudi nacho. Majibu yalisema kwamba zaidi ya robo tatu yangu ni Afrika Mashariki, kiasi kidogo Bara Hindi, na kijisehemu cha Asia Magharibi ambacho kilipungua zaidi kampuni ilipoyasahihisha makadirio yake mwaka uliofuata. Wazee walipouliza kama karatasi ni ya kweli au ya uongo, sikuwa na la kuwajibu. Kipimo nilichonunua husoma vinasaba (ndiyo DNA yenyewe) vilivyochanganyika kutoka kwa baba na mama, na kwa kuwa kila kizazi hugawa nusu ya kile kilichotangulia, mzee wa kizazi cha kumi juu yangu ni mmoja tu kati ya 1,024, na huenda hakuna chembe yake hata moja iliyonifikia. Swali langu lilihusu mstari mmoja wa akina baba, nami nilinunua kipimo cha watu wote 1,024 kwa pamoja.

Binti Makadara

Waalaykum salaam. Mimi ni wa jamii ya Wabaluchi, ambao babu zao walikuja pwani hii wakiwa askari wa watawala wa Oman, na swali langu lilikuwa kama lako: upande wa baba. Bahati yangu ni kwamba nilisoma kabla ya kununua, nikafahamu kwamba kromosomu Y, fungu la vinasaba walilo nalo wanaume, hupita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto wa kiume karibu bila kubadilika, na kwamba mimi mwanamke sinayo. Kwa hiyo haikufaa nijipime mwenyewe. Nilimwendea ami yangu, nduguye baba, kwa sababu baba alikwisha kufariki na sina kaka. Kampuni niliyoiona ikiuza kipimo cha Y peke yake, pamoja na kile cha mstari wa akina mama, ni FamilyTreeDNA ya Houston, na bei yake ilikuwa kubwa kuliko ya vile vipimo vya kawaida vya mchanganyiko.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Kipimo chenyewe ni kijiti cha kusugulia ndani ya shavu, na maelekezo husema mtu asile wala kunywa kitu kwa muda kabla ya kusugua. Ami yangu hula tambuu tangu asubuhi hadi anapolala. Nilimsihi aiweke kando, akaitoa, akasukutua mara moja, akaketi kibarazani saa nzima huku akitazama kijaluba chake kama mtu aliyefiwa. Niliposugua, kijiti kilitoka na rangi ya waridi. Nilikitia kwenye bahasha hivyo hivyo kwa kuona haya ya kumsumbua mzee, na wiki kadhaa baadaye maabara ikanijulisha kwamba sampuli haikusomeka. Safari ya pili nilimwamsha alfajiri kabla hajatia kitu kinywani, na kijiti kikatoka cheupe. Majibu yalionyesha mstari ambao mfano wake hupatikana Iran na Pakistan, jambo lililomfurahisha sana, ingawa halikumweleza kijiji wala jina la mtu yeyote.

Mjukuu wa Kibokoni

Ahsante, dada. Hilo la tambuu sikuliwazia hata kidogo, na ami yangu wa Mtwapa ni mtu wa tambuu vilevile.

Mwana wa Freretown

Kwetu sisi hapakuwa na karatasi. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, na wengi walipewa majina ya ubatizo ambayo hayasemi lolote kuhusu walikotoka. Bibi yangu alikuwa na neno moja tu, "Nyasa", alilolipokea kwa mamake, na alilitamka kana kwamba ni mtaa ulio nyuma ya kengele ya Kongowea.

Kwa kuwa sikujua hata ni upande gani niuulize, nilichagua kipimo cha mchanganyiko, na kwa hali yangu ninaamini kwamba ndicho kilichofaa. Sikujali sana ile ramani ya rangi. Nilichokitaka ni orodha ya jamaa, yaani watu wengine waliopimwa ambao vipande vya vinasaba vyao vinafanana na vyangu, kwa hiyo nilitafuta kampuni yenye watu wengi zaidi kwenye hazina yake. Hapo ndipo nilipoona upungufu wetu: mwenye asili ya Ireland hupata maelfu ya majina, mimi nilipata machache, na karibu yote yalikuwa ya mbali mno. Watu wa pwani yetu hawajapimwa, na asiyepimwa haonekani.

Hata hivyo kulikuwa na jina moja la mama mmoja wa Ushelisheli. Nilimwandikia, akakaa miezi minne bila kujibu, nami nikakata tamaa. Alipojibu alieleza kwamba kwao husimuliwa habari za bibi mkuu aliyeshushwa Mahé akiwa msichana mdogo na manowari ya Waingereza. Ninajua kwamba kuanzia mwaka 1861 Waingereza waliwashusha huko watu waliowatoa katika majahazi. Aliniuliza kama kwetu kulikuwa na neno lolote lililobaki. Nilimwandikia neno la bibi. Akajibu kwamba kwao pia lilibaki neno moja, si hilo, bali jina la samaki. Alilituma limeandikwa kwa Kikrioli, nikalisoma kwa sauti mara kadhaa, na hadi leo sijampata mtu wa kulitambua. Kama humu jukwaani kuna mwenye asili ya Ziwa Nyasa, ninaomba anitafute faraghani. Hatujui tunakutana kwa babu gani, wala kiasi cha vinasaba tulivyoshiriki hakitoshi kutuambia. Lakini kila Krismasi tunaandikiana.

Mpima Damu

Mimi ni mtaalamu wa maabara, na ningependa kuongeza jambo moja fupi kwa wanaofikiria kununua vipimo viwili kwa ndugu wawili. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki takriban nusu tu ya vinasaba vyao, kwa kuwa kila mmoja hupewa nusu ya mzazi kwa bahati nasibu, na si nusu ile ile. Kwetu mimi nilipata sehemu ya Bara Hindi na mdogo wangu hakuipata kabisa. Tulikuwa na Idi isiyo na amani, hadi mama alipotuambia kwamba sote wawili tulizaliwa chumba kimoja, mbele ya mkunga mmoja. Mkiwa na wazee walio hai, wapimeni wao kwanza, kwa sababu wanabeba kile ambacho nyinyi mlikipata nusu. Tena kipimo cha nyumbani hakitumiki mahakamani, kwani hakuna shahidi wa nani aliyetia mate.

Maalim wa Jomvu

Nitasema machungu kidogo. Nasaba kwetu huthibitishwa kwa ndoa na kwa ushahidi wa watu, haithibitishwi kwa mate. Mmefikiria nini siku orodha hiyo ya jamaa itakapomleta ndugu asiyejulikana, na mama yenu yu hai? Anayejipima hajipimi peke yake, bali huwapima na ndugu zake ambao hawakuulizwa.

Mhajiri

Maalim ana haki, nami ninaongeza la usalama, kwa kuwa ninaishi ughaibuni na nililifuatilia kwa karibu. Mwaka 2023 wadukuzi walichukua taarifa za watu wapatao milioni 6.9 katika kampuni ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, watu wakabaki wakijiuliza mate yao yatauzwa kwa nani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, lakini ukishatuma kichupa ng'ambo, kumfikia aliyevunja ahadi ya kuzilinda ni safari nyingine. Kabla ya kuangalia bei, mimi huangalia mambo mawili: kama ninaweza kufuta taarifa na kuagiza sampuli iharibiwe, na kama ninaweza kuizima orodha ya jamaa nikabaki na majibu yangu tu.

Mjukuu wa Kibokoni

Maalim, shikamoo. Nimeyapokea maneno yako, na ndiyo sababu safari hii sitajipima kimyakimya. Nimeshawaita wenye nyumba zote tatu za ukoo, na mmoja amekataa, nami nimemwachia.

Kwa wanaouliza kwa nini ninahangaika tena, ni kwa sababu ya utafiti uliochapishwa Machi 2023 katika jarida la Nature, ambapo wataalamu, akiwamo Profesa Chapurukha Kusimba, walisoma vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani, ukiwamo Mtwapa na Manda. Walikuta kwamba mchanganyiko wa Waafrika na watu wa Asia ulianza yapata mwaka 1000, kwamba akina mama karibu wote walikuwa Waafrika, na kwamba wengi wa akina baba waliotoka Asia walitoka Uajemi. Kwa hiyo wanaoapa kwa karatasi hawakuzua, na wanaosema sisi ni Waafrika nao hawakuzua. Ila utafiti huo unahusu mifupa ya wengine. Hausemi kitu kuhusu jina la sita lililoliwa na mchwa.

Nimeagiza kipimo cha Y, kwa bei iliyomfanya mke wangu aniulize kama tumemaliza kulipa karo. Ami wa Mtwapa amekubali kusuguliwa shavu na kuacha tambuu tangu usiku, kwa sharti moja: kwamba kabla sijafungua bahasha, nikae mbele yake niisome ile karatasi kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na nikifika kwenye jina la sita nimwachie yeye alitaje.