Risasi za nyavu: tuyeyushe betri nyumbani au tununue?

Mama wa Kyela: Wadau naomba tusaidiane. Mtaani kwetu vijana wanapasua betri za gari zilizokufa, ile asidi wanamwaga migombani halafu risasi, yale madini mazito ya ndani, wanaiyeyusha kwenye sufuria juu ya mkaa wanamimina chubwi, vile vizito vya kuzamisha nyavu, watoto wamezunguka wanachungulia. Mi nasema bora tununue za dukani. Nyie mnaonaje?

Jarife: Shikamoo mama. Za dukani bei juu na nyingine ukizikata ndani ni chuma, chuma hakizami kama risasi na kikishika kutu kinakula kamba. Huku Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tumemimina tangu wazee wetu na hakuna aliyekufa. Halafu watu wa bara huko mnajua nini kuhusu nyavu?

Uyole Juu: Hakuna aliyekufa umepima damu ya nani? Sumu ya risasi haiui kama nyoka kaka, mtoto tumbo linamsokota, damu inapungua, darasani haelewi, nyumbani mnasema malaria. Senegal kule Thiaroye-sur-Mer watoto 18 walikufa ndani ya miezi michache, 2007 kuingia 2008, sababu hizo hizo betri zinazopasuliwa majumbani. Mombasa nako, mtaa wa Owino Uhuru, mahakama iliamuru wananchi walipwe bilioni 1.3 za Kenya kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye betri zilizoyeyushwa jirani yao.

Jarife: Mombasa kilikuwa kiwanda, usichanganye na sufuria ya mvuvi. Na wewe wa Uyole anza na viazi vyako, mnapulizia dawa mpaka wiki ya kuvuna halafu tunakula sisi. Sumu ipi hiyo unaniambia?

Uyole Juu: Sasa hapo umenigusa. Ukungu ukiingia kwenye viazi na hii mvua na baridi yetu shamba zima linaungua ndani ya siku chache, tusipopulizia utakula nini? Na tukivuna hatufaidi, wachuuzi mnakuja na lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu bei ile ile ya gunia la kawaida. Huo ndio wizi wa kujadili.

Mchuuzi Mwanjelwa: Lumbesa msitupakazie sisi wa sokoni, mzigo unafungwa huko huko shambani na nyie wenyewe mnashikilia gunia! Sheria si inasema mwisho kilo 100? Kataa kuuza basi.

Uyole Juu: Nikatae mvua inanyesha na gari linaondoka? Hujawahi kulima wewe.

Fundi betri Makambako: Jamani turudi kwenye betri. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linafika bila shida, ndio maana kila mtu anajiona fundi. Kinachomaliza watu zaidi ni lile tope na unga uliopo kwenye betri, unapeperuka unakaa kwenye nguo, kwenye udongo, mtoto anatambaa anaweka mkono mdomoni. Halafu kalibu, ile unayomiminia, ikiwa na unyevu kidogo ukamimina, maji yanageuka mvuke ghafla risasi inaruka usoni. Betri nzima iuze kwa wanunuzi wa chakavu, usiipasue. Jarife kama unataka uzito tafuta bamba la risasi, kata vipande, kunja kwenye kamba kwa nyundo, hakuna moto hapo. Mikono nawa kabla ya kula.

Jarife: Bamba nitalipata wapi Kyela? Ila umeongea kama mtu wa kazi, sio wale wa viazi.

Uyole Juu: Viazi tena!

Mama wa Kyela: Wanangu nimeuliza betri mnagombania magunia. Jioni hii nimekuta ile sufuria inaoshwa kisimani tunapochota maji ya kunywa, nimefoka wakanicheka. Nianze na mwenyekiti wa mtaa au bwana afya?

Jarife: Kisimani hapana mama, hilo silitetei. Nenda kwa wote wawili, na mi kesho nashuka Kyela, nielekeze ni nyumba ipi nikaongee nao kama mvuvi mwenzao.