Mama anaondoka tarehe 4 Aprili: nimpelekeje kuona maua ya cheri Washington DC?

Mama_Nasri
Habari zenu ndugu zangu. Naishi Silver Spring, Maryland. Mama yangu kaja kutoka Lushoto kutusalimia. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, akitembea dakika kumi lazima apate pa kukaa. Tangu afike anaangalia picha za maua ya cheri kwenye simu ya mjukuu wake na kila asubuhi ananiuliza, "Bado tu?" Nataka ayaone kwa macho yake. Viza yenyewe tuliipata kwa taabu, na sijui kama atakuja tena.

Mwaka jana tulienda na gari Jumamosi mchana. Tulizunguka saa mbili nzima tukitafuta pa kuegesha, mdogo akatapika, tukarudi bila kukanyaga chini. Yule wa miaka 8 hajasahau mpaka leo. Safari hii kazini wamenipa siku moja tu ya ruhusa, niichague mwenyewe. Nichague ipi? Na mama nimfikishe vipi pale Tidal Basin, lile bwawa la Washington lililozungukwa na miti ya cheri, bila kumuumiza?

Kijana_wa_Pangani
Dada, siku usiitaje kwanza. Wengi hukosea hapo, wanapanga tarehe kabla vitumba havijajionyesha. Kile wanachokiita kilele ni pale asilimia 70 ya maua ya Yoshino, aina ya cheri iliyo nyingi pale, yanapokuwa yamefunguka. Mara nyingi ni wiki ya mwisho ya Machi au ya kwanza ya Aprili, lakini mwaka 1990 kilele kilikuwa tarehe 15 Machi, na 1958 kilichelewa hadi 18 Aprili. Wahusika wa hifadhi hutangaza kila hatua ya vitumba. Wakisema vikonyo vimerefuka, hesabu siku 5 hadi 10. Wakisema vitumba vimefura na kuwa vyeupe, zimebaki siku 4 hadi 6. Hapo ndipo uende kwa bosi wako.

Shangazi_Bowie
Mama Nasri mwanangu, pole kwa ya mwaka jana. Mimi nimewapeleka wageni wangu pale miaka kumi na tano sasa. Nenda katikati ya wiki, na saa moja asubuhi uwe umeshafika. Jua linachomoza, maji yametulia, watu ni wachache. Ikifika saa nne hupati hata pa kusimama.

Gari liache nyumbani. Kwa familia yenye miguu mizima ningesema pandeni treni ya laini nyekundu, mbadilishe Metro Center, mshuke Smithsonian. Ila kutoka kituoni hadi majini ni kama robo saa kwa miguu, na kwa magoti ya mama hiyo ni adhabu. Chukueni teksi asubuhi hiyo iwashushe karibu na jengo la kumbukumbu ya Jefferson. Kuna vyoo, kuna pa kukaa, na miti iko hapo hapo. Msijaribu kuzunguka bwawa lote, ni zaidi ya kilomita tatu. Mama akae sehemu moja, watoto ndio wazunguke na baba yao.

Nina kiti mwendo kinachokunjwa, alikiacha marehemu mume wangu. Njoo ukichukue.

MkenyaDMV
Mimi ningependekeza Kenwood, kule Bethesda. Ni mtaa wa watu wenye miti ya cheri kama 1,200, imefunika barabara pande zote mbili. Mama hahitaji hata kushuka kwenye gari. Kutoka Silver Spring si mbali.

Shangazi_Bowie
Kenwood ni pazuri, sibishi. Lakini huko hakuna choo na hakuna maji yanayorudisha picha ya miti. Mgeni ametoka Lushoto na hamu ya Washington, mpeleke Washington. Kenwood iwe akiba, mvua ikiharibu mambo.

Fundi_Umeme22
Naongezea mawili. Kwanza, usisubiri siku ya kilele chenyewe, nenda hata siku mbili kabla. Upepo mkali na mvua ya usiku mmoja vinatosha kumwaga petali zote. Mwaka 2017 baridi kali ya Machi iliua karibu nusu ya maua ya Yoshino kabla hayajafunguka. Pili, waambie watoto mapema wasichume wala wasitikise matawi, ni kosa kisheria. Wasikanyage karibu na mashina pia, udongo ukishindiliwa mizizi inakosa hewa.

Na mvalisheni mama sweta mbili. Upepo wa pale majini si mchezo.

Mama_Nasri
Baridi anaijua, Shangazi na Fundi, yeye ni wa milimani. Asanteni sana. Vikonyo vimetangazwa leo. Naomba ruhusa ya Jumatano ijayo.

Mama_Nasri
Narudi kuleta mrejesho. Tulienda jana. Teksi ilitushusha saa moja kasoro, anga bado la kijivu. Tulimweka mama kwenye kiti chini ya mti mmoja ulioinamia maji, kajifunga kanga juu ya koti, chai ya tangawizi mkononi. Tulikuwa na maandazi ya usiku.

Nilikuwa nimewaeleza watoto kwamba miti 3,020 ililetwa kutoka Tokyo mwaka 1912, na kwamba ile ya kwanza kuletwa, 1910, ilichomwa moto kwa sababu ya wadudu. Nasri akawa anauliza kila mti kama ni wa 1912.

Mama hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha ua moja zima likamwangukia mapajani, akaliokota akalisogeza karibu na macho. Akahesabu petali, tano. Akagusa kile kijipengo kwenye ncha ya kila petali. Akaniambia, "Haya si maua ya miplamu? Baba yako alipanda mitatu nyuma ya jikoni." Nilikuwa nimesahau kabisa ile miplamu. Jioni nikasoma, kumbe plamu na cheri ni ukoo mmoja. Hakukosea sana.

Akauliza matunda yake yanaiva lini. Nikamwambia haya hayazai ya kula, yamepandwa yatazamwe. Akaitikia kwa kichwa, akaomba tukae kidogo. Tukakaa hadi saa tatu na nusu, watu walipoanza kubanana.

Ua amelikausha ndani ya msahafu wake, anaondoka nalo. Shangazi, kiti nakuletea Jumapili, na mama anataka kuja kukushukuru mwenyewe.